Mabati Sitini Kabla ya Bajeti

Kijiji kizima cha Tulia kilijua kwamba Nzilani wa Mbinya anafanya kazi Hazina, na kama kuna ambaye hakujua, basi alikuwa bado hajakutana na Mbinya. Ukinunua nyanya kwake siku ya soko, ulirudi nyumbani na nyanya pamoja na habari za Nzilani. Ukipita tu na hamsini zako, ulipewa habari bila nyanya. Msichana alikuwa amesomea taipu Machakos, akapita mtihani, akachukuliwa na Wizara ya Fedha huko Nairobi. Wakati wa mambo haya, katikati ya miaka ya sabini, alikuwa ametimiza miaka sita akipiga taipu karatasi za wakubwa.

"Lakini hiyo Hazina ni kazi gani hasa?" watu walimuuliza mama yake.

"Sikiza," Mbinya angesema, akifuta mikono kwenye leso. "Serikali ina mfuko mmoja tu. Barabara inataka pesa, shule inataka pesa, polisi anataka buti. Wote wanaenda kupiga hodi kwa mlango mmoja. Mlango huo ndio Hazina. Sasa nyuma ya mlango ameketi nani? Nzilani!"

Ukweli ni kwamba Nzilani hakuketi nyuma ya mlango wowote wa maana. Aliketi katika chumba kimoja na wasichana wengine kumi na wawili, mashine zikilia tangu asubuhi hadi jioni, na dirisha lao lilitazama ukuta. Ila mama akishaanza kusifu mtoto, nani wa kumkatiza? Tulimwacha aseme.

Taabu ilikuwa ikija mwezi wa sita. Kila mwaka mwezi huo Waziri wa Fedha husoma bajeti, na kila mwaka, wiki mbili tatu kabla, watu walianza kupita kwa Mbinya mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuomba chumvi. Sukari itapanda? Na sigara je? Muthama mwenye duka alikuja na nusu kilo ya mafuta ya kupikia kama zawadi, akauliza habari za mafuta ya taa.

Mbinya hakujua lolote. Nzilani alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate na majani ya chai, akala, akalala, na akiulizwa habari za kazi alijibu, "Iko tu, mama." Miaka sita, iko tu! Hata rangi ya meza yake hakuisema. Mtu mwingine angewaambia wageni wake, jamani, mimi sijui. Mbinya neno hilo lilimkwama kooni. Badala yake alitabasamu, akaangalia mbali huko barabara ya Kitui inakopotelea, akasema polepole, "Mimi mdomo wangu umefungwa."

Watu waliondoka kwa heshima, wakinong'ona. Na haikumdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyepata cha kufanya na mdomo uliofungwa. Mpaka mwaka wa mabati.

Mbinya alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwethya, yaani umoja wa kusaidiana kazi, wa wanawake ishirini. Walilima makinga maji kwenye mashamba ya watu kwa malipo, walisuka vyondo wakauza, na pesa zilizopatikana ziliwekwa kwa jambo moja tu: kila mwanakikundi aezekwe nyumba. Kila mwezi jina moja lilitoka, mabati ishirini yakanunuliwa, nyasi zikashuka, bati likapanda, uji ukanywewa. Mwaka huo vyondo viliuzwa vizuri, na ilipofika mwanzo wa Juni kikundi kilikuwa na pesa za nyumba tatu kwa mpigo.

Sasa, Muthama alikuwa na lori lililokuwa lipeleke mbaazi Thika Jumanne, na lingerudi tupu. Alikuwa tayari kubeba mabati kwa bei ya bure. Hayo ndiyo yote yaliyokuwa kichwani mwa Mbinya aliposimama kwenye mkutano Jumatatu na kusema, "Tusinunue ishirini. Tununue yote sitini mara moja, na tusichelewe."

 Ndinda, rafiki yake wa kufa kuzikana, mwanamke ambaye hakuna neno lililowahi kumpita sikioni, akaacha kusuka.

"Tusichelewe nini?" Ndinda akauliza. Halafu akashika kifua. "Woi, mwaitu, mama yangu! Wiki ijayo ile nyingine si ni bajeti?"

Hapo ndipo Mbinya alipaswa kusema lori. Lori lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini wanawake kumi na tisa walikuwa wamemkodolea macho kwa namna ambayo hata mchungaji hakuwahi kuangaliwa, na moyo wa binadamu ni dhaifu. Akatabasamu. Akaangalia barabara ya Kitui.

"Mimi mdomo wangu umefungwa," akasema.

Basi! Kufikia jua kutua Tulia yote ilijua kuwa mabati yatapanda, Nzilani kasema. Jumatano duka la Muthama lilikuwa halina hata bati la kufunikia banda la kuku. Alhamisi watu walishuka Kitui, na Ijumaa Kitui nayo ikaishiwa. Mwalimu Ndolo, mtu mwenye akili zake na miwani, alichukua mkopo wa ushirika akanunua mabati thelathini akayaweka darasani. Ndinda aliuza mtamba wake aliyekuwa karibu kuzaa, akanunua arobaini. Siku ya soko mbuzi waliletwa wengi hivi kwamba Sugow, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka upande wa Garissa, alisimama katikati yao akishangaa, maana bei ilikuwa inaanguka yeye akiwa hajafungua kinywa.

"Mama Nzilani," akamuuliza Mbinya, "kwani hapa kuna ugonjwa wa mbuzi?"

"Hakuna."

"Kuna vita?"

"Hakuna, Sugow. Watu wanataka mabati tu."

"Haya," Sugow akasema, akanunua mbuzi mia moja na kumi.

Mbinya alikuwa na wiki tamu. Alisalimiwa na watu wasiomsalimu. Aliletewa kuku. Lakini wiki ikafuata nyingine, na Ijumaa, siku sita kabla ya bajeti, Landrova ya serikali ikaja ikasimama mbele ya nyumba yake, akashuka mwanamume mwembamba wa tai, Bwana Mutiso. Alizungumza Kikamba cha Mbooni, kwa adabu, akakubali chai, akainywa yote kabla ya kusema kilichomleta.

"Mwaitu, mimi natoka Hazina."

"Karibu! Basi unamjua Nzilani wangu!"

"Namjua jina," Mutiso akasema. "Kwetu huko kuna idara nyingi, mwaitu. Kuna wanaoangalia pesa inayoingia, ushuru na kodi. Kuna wanaogawia wizara nyingine pesa ya kutumia, na hao ndio wanaochukiwa. Kuna wa madeni. Kuna sisi wa ukaguzi, tunaoulizauliza. Kila mmoja anajua kipande chake. Hotuba ya bajeti inatengenezwa kwa vipande hivyo, na mimi unayeniona hapa, na tai hii, sijui kilichomo. Anayeijua yote ni Waziri, Katibu wake, wakubwa wachache sana, na wasichana wanne wanaoipiga taipu. Nzilani ni mmoja wao."

Mbinya alihisi raha ikimpanda mgongoni. Kumbe! Mtu wa Landrova hajui, na mtoto wake anajua!

"Wasichana hao wanne," Mutiso akaendelea, "sasa wamefungiwa. Wanalala pale pale, chakula kinaletwa, simu hakuna, mpaka Waziri amalize kusoma. Kwa sababu siri ile ikitoka kabla, kuna watu watatajirika kwa siku moja na wengine wataumia. Siri ikitoka, mtu anafukuzwa kazi. Anaweza kufungwa jela. Sasa mimi nimepigiwa simu kwamba wilaya ya Kitui imemaliza mabati."

Raha ile ikashuka haraka kuliko ilivyopanda.

"Nzilani alikuambia nini, mwaitu?"

"Hakuniambia kitu."

"Watu sita wamenieleza kwamba alikuambia."

"Hakuniambia kitu, mwanangu! Haniambiagi kitu! Ilikuwa ni lori!" Na Mbinya akaeleza yote, lori la mbaazi, mkutano, wanawake walivyomwangalia, na jinsi alivyosema mdomo wake umefungwa. Kulisema hilo mbele ya mgeni kulimuuma kuliko kung'olewa jino. Mutiso aliandika, akafunga kitabu, akamwangalia kwa huruma.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini si mimi ninayeamua. Alhamisi Waziri akipandisha mabati, mwaitu, hakuna mtu Nairobi atakayeamini habari ya lori."

Landrova ilipoondoka, Mbinya aliketi chini pale pale mlangoni. Mtoto wake wa pekee, na ni yeye mwenyewe aliyemtia hapo, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kuangaliwa. Alijichukia waziwazi, akajiambia hivyo kwa sauti. Kisha akainuka akaenda kusema ukweli.

Alianza kwa Ndinda. "Nzilani hajaniambia lolote. Mimi sijui kama mabati yatapanda au yatashuka. Nilidanganya."

Ndinda akamsikiliza vizuri, akamshika mkono. "Nimeelewa," akanong'ona. "Yule wa Landrova amekuonya. Usiseme zaidi." Alasiri hiyo akaagiza mabati mengine kumi kutoka Mwingi.

Akaenda kwa Muthama, Muthama akamkonyeza. Akaenda kwa Mwalimu Ndolo, Mwalimu akasema serikali haiwezi kutuma gari maili mia moja kwa jambo lisilo na ukweli, na hoja hiyo, ukiitazama, ilikuwa nzuri. Jumapili akasimama kanisani wakati wa ushuhuda.  "Ndugu zangu, mimi ni mwongo," akasema. "Miaka sita nimewafanya muone kama najua mambo ya serikali. Sijui hata moja. Msiuze mifugo yenu kwa ajili yangu." Akalia. Watu wakasema amina, wengi wakaguswa, na Jumatatu asubuhi mke wa mchungaji akaonekana akishusha mabati kumi na tano kutoka kwa mkokoteni.

Kadiri alivyokana ndivyo walivyonunua. Mbinya akaacha kusema. Alibaki kuomba, na ombi lake lilikuwa la ajabu kwa mwenyekiti mwenye mabati sitini nyumbani: Bwana, mabati yasipande. Hata senti tano, yasipande.

Alhamisi alasiri watu walijaa dukani kwa Muthama mpaka nje. Redio iliwekwa juu ya kaunta. Waziri alisoma kwa Kiingereza, na Mwalimu Ndolo, aliyeketi juu ya gunia la mbaazi, aliwatafsiria kipande kwa kipande. Mbinya alisimama karibu na mlango, ameushika mwimo kwa mikono miwili.

Waziri alianza mbali. Alizungumza habari za kahawa, akazungumza habari za mafuta ya Uarabuni, akazungumza habari za watu wa nje wanaotudai. "Anasema hali ni ngumu lakini si mbaya," Mwalimu akatafsiri. Watu wakangoja. Bia imepanda. Wazee wakaguna. Sigara imepanda. Wazee wakaguna tena. Soda haikuguswa. Viberiti havikuguswa.

"Vifaa vya ujenzi!" Mwalimu akapaza sauti, na umati wote ukajivuta mbele. Ndinda alikuwa ameshikana mikono na mke wa mchungaji. Mbinya alifumba macho.

Redio ikasema. Mwalimu Ndolo hakutafsiri.

"Mwalimu?" Muthama akamwita.

Mwalimu alikuwa ametoa miwani, anaifuta kwa shati.

"Mwalimu, si useme! Amesema nini?"

"Amesema," Mwalimu akajibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "serikali inataka mwananchi wa kawaida alale penye bati. Kwa hivyo wameondoa kodi. Kuanzia kesho kila bati linashuka shilingi mbili."

Ilikuwa kimya kiasi cha kumsikia Waziri akinywa maji. Na ndani ya kimya hicho, huko mlangoni, mtu mmoja akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vikapanda juu vikarudi vikapanda tena, na watu wote wakageuka wakamwona Mbinya akiruka pale alipokuwa, leso imeanguka, machozi yakimtiririka.

"Wewe!" Ndinda akapiga kelele. "Wewe unashangilia nini, na mabati sitini yetu yako kwako?"

"Mtoto wangu hafungwi!" Mbinya akasema. "Hafungwi! Hakuniambia kitu! Si niliwaambia? Si nilisimama kanisani?"

Hapo ndipo walipomwamini. Ungeona nyuso! Waliamini jambo la leo, kisha wakaanza kurudi nyuma wakiamini na la mwaka jana na la mwaka juzi, mpaka wakafika mwanzo.

"Miaka sita?" Muthama akauliza. Alikuwa akifikiria mafuta yake ya kupikia.

"Miaka sita," Mbinya akasema. "Hata rangi ya meza yake siijui."

Hawakumpiga, Tulia hatuna desturi hiyo. Lakini Ijumaa kikundi kilikaa, kikaamua alipe shilingi mia na ishirini zilizopotea kwenye yale sitini, kidogo kidogo, kwa vyondo. Uenyekiti akanyang'anywa, akapewa Ndinda, ambaye kwa ajili ya mtamba wake hakumwangalia usoni mkutano mzima. Mbinya alikubali yote. Aliona haya, aliumia, na chini ya maumivu hayo alikuwa na furaha iliyokataa kuondoka.

Jumamosi saa nane mchana Nzilani akashuka barabarani na mkoba mdogo. Alikuwa amekonda. Mama yake alimpokea mkoba, akamwingiza ndani, akafunga mlango ingawa ilikuwa mchana, akamwekea maji ya kunawa.

"Waliniita," Nzilani akasema alipokwisha kunywa uji. "Jumamosi iliyopita. Wakaniambia Kitui wamenunua mabati. Walinikalisha peke yangu chumba kingine mpaka Alhamisi."

"Ni mimi, mwanangu. Ni mdomo wangu."

"Najua. Bwana Mutiso aliniambia ya lori. Bei iliposhuka wakacheka wote, wakaniachilia. Wakasema aliyepewa siri hawezi kununua vile." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Mama, ile barua yako ya mwezi wa tano, iliyosema kikundi kitakuwa na pesa za nyumba tatu, niliipata."

"Ee."

"Niliipata siku ile ile niliyopiga taipu ukurasa wa mabati, kabla hatujafungiwa. Nilikuwa nao mbele yangu. Nikajua mtanunua, na nikajua mtapoteza. Ningekuandikia neno moja tu, ngojeni, hakuna mtu angejua. Kalamu nilishika, mama. Nilishika mara mbili." Akaangalia vidole vyake. "Nikaiweka chini."

 Mbinya alikuwa akimwangalia huyu msichana aliyemzaa, aliyeketi kwenye kigoda na vidole vyeusi kwa wino wa utepe wa mashine. Alimwona akiwa peke yake na barua ya mama yake upande huu na karatasi ya serikali upande ule, na hakuna mtu wa kumuuliza. Shilingi mia na ishirini. Uenyekiti. Vyote hivyo mtoto alikuwa ameviona vikija.

"Umenikasirikia?" Nzilani akauliza.

"Hapana."

"Usimwambie mtu, mama. Watasema nilikuacha uzame. Ndinda hatanisamehe mtamba wake."

"Lala," Mbinya akasema. "Nakupikia muthokoi wa mahindi na maharage."

Alitoka kuchukua kuni, na nani amesimama kwenye ua? Ndinda, mwenyekiti mpya, mikono kiunoni. Hasira ilikuwa ingalipo, lakini masikio yake yalikuwa yamewahi kufika kabla ya hasira.

"Nimesikia amekuja," Ndinda akasema. "Enhe? Alikuwa anajua?"

Mbinya alisimama na kuni mkononi. Miaka sita alikuwa amejisifu kwa mtoto huyu bila kujua cha kusifu. Alikuwa amesifu mlango na mfuko, vitu alivyovibuni akiuza nyanya. Sasa alikuwa nacho. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvibuni, na kilikuwa cha kweli, na kilimjaa kifuani mpaka kikauma.

"Ndinda, mtoto hajui kitu," akasema. "Hao wasichana hupewa kurasa wapige tu. Hata hawasomi."

Ndinda akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, akacheka kwa dharau kidogo na kwa huruma kidogo, akaenda zake.

Alikuwa amemwamini.